Kabla ya kujilaumu kwa uvivu, fungua daftari

Wenye biashara ndogo wanaonifuata kwa ushauri mara nyingi hawaanzi na hesabu. Wanaanza na uchovu: hamu imekwisha, asubuhi kufungua ni mzigo, simu ya mteja ikiita wanaitazama tu. Mimi ni mhasibu, na najua uchovu wa kazi si porojo. Shirika la Afya Duniani liliutaja mwaka 2019 katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini. Aliyekosa usingizi wiki baada ya wiki amwone daktari. Lakini nikishafungua daftari, kwa wengi nakuta jambo jingine kabisa: mtu anafanya kazi bila kulipwa, tena hajui.

Hajiandikii mshahara. Leo anachota nauli, kesho ada ya mtoto, keshokutwa hachukui kitu kwa sababu mauzo yamelala. Mwezi ukiisha hawezi kusema biashara imempa nini. Tumezoea kuwaonya wanaokula mtaji, na ni sawa, lakini asiyejilipa chochote kwa jina la kukuza biashara naye yuko hatarini, maana ndiye anayechoka kwanza. Panga kiasi, hata kiwe kidogo, na tarehe ya kukichukua, kisha kiandike pamoja na kodi ya pango na umeme. (Mamlaka za kodi kwa kawaida huyahesabu malipo hayo unayojilipa kuwa matumizi binafsi ya mfanyabiashara, si gharama. Hapa nazungumzia hesabu za kujiongoza.) Kama biashara haiwezi kubeba hata kiasi hicho, basi bei zako au gharama zako zina tatizo ambalo kujituma zaidi hakutaliondoa.

La pili ndilo linalowachanganya hata walio makini: faida ipo, fedha hazipo. Tuseme bidhaa inakaa stoo siku 40 kabla ya kuuzwa, mteja anachukua kwa mkopo na kulipa baada ya siku 30, na wewe mwenyewe ulipewa mali kauli, yaani bidhaa kwa mkopo, ya siku 15 tu. Jumlisha 40 na 30, toa 15: kuna siku 55 ambazo fedha imetoka kwako na haijarudi. Siku hizo lazima mtu azigharamie, ama mtaji wako ama mkopo wa riba. Sasa mauzo yakiongezeka maradufu bila siku hizo kupungua, fedha inayohitajika kuziba pengo nayo inaongezeka karibu maradufu. Ndiyo maana biashara huweza kufa ikiwa na foleni ya wateja, na mwenyewe akabaki akijiuliza amekosea wapi ilhali anauza kuliko wakati wowote.

Dawa yake haipendezi kusimulia. Ankara itoke siku ile ile mzigo unapotoka. Kazi kubwa ianze kwa malipo ya awali. Mdaiwa akumbushwe kabla ya tarehe, si baada. Bidhaa iliyolala miezi iuzwe, ikibidi kwa bei ya kununulia, fedha iende kwenye ile inayotembea. Wengi husita hapo kwenye kudai, wanaona aibu. Sijui kwa nini aibu imwangukie anayedai na si anayedaiwa.

Halafu kuna punguzo la bei, kimbilio la kila aliyekata tamaa. Unauza kwa 100 kitu kilichokugharimu 70. Faida ghafi ni 30. Ukipunguza asilimia 10 unauza kwa 90, unabaki na 20. Ili upate faida ghafi ile ile ya mwanzo, lazima uuze asilimia 50 zaidi. Yaani kazi imeongezeka kwa nusu nzima ili ubaki pale pale. Mwingine ananunua kwa 100, anaongeza asilimia 25 na kuuza 125, kisha anatangaza punguzo la asilimia 25 akidhani ameirudia bei yake ya kununulia. Asilimia 25 ya 125 ni 31.25. Ameuza kwa 93.75, chini ya alivyonunua.

Kwa upande wa hamu yenyewe, sijaona hotuba ya motisha inayofikia namba moja ndogo: mauzo ya kurudisha gharama, yakigawanywa kwa siku. Chukua gharama zote zisizobadilika za mwezi, malipo yako yakiwemo, tuseme 1,440. Kila bidhaa ikiacha faida ghafi ya 20, unahitaji kuuza 72. Ukifanya kazi siku 24, ni bidhaa 3 kwa siku. Kuanzia ya nne unatengeneza faida. Mtu aliyekuwa akifunga kila jioni na wasiwasi usio na umbo sasa anajua siku imelipa au haijalipa, na iliyopungukiwa imepungukiwa kwa ngapi.

Akaunti ya biashara na ya nyumbani zitenganishwe, na fedha ya kodi itengwe kila mauzo yanapoingia. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Inatokea hesabu zikanyooka na uchovu ukabaki. Hapo nashauri jambo ambalo watu hawalipendi: andika mapema, ukiwa na akili tulivu, kiwango cha mtaji na tarehe ambavyo vikifikiwa utafunga. Kiwango hicho kitoshe kulipa wauzaji wako, wafanyakazi na kodi unayodaiwa. Kisha mpe nakala mtu mmoja unayemwamini, asiye na hisa katika biashara hiyo.