Faili lisilofunguka: tazama baiti za mwanzo kabla ya kutafuta programu

Swali ninaloletewa mara nyingi kazini ni hili: "Fundi, faili hili linafunguliwa na programu gani?" Anayeuliza huwa amekwisha kulibofya, kompyuta imemjibu kwamba haijui programu ya kulifungulia, naye ameingia kwenye intaneti kutafuta maana ya kiendelezi chake, yaani zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho ya jina, akaishia kwenye tovuti inayomhimiza apakue programu inayodai kufungua kila kitu. Namwandikia hasa mtu aliyefika hapo. Asipakue chochote kwanza, kwa sababu bado hajajua ana faili la aina gani, na tovuti hiyo nayo haijui.

Kiendelezi ni sehemu ya jina tu. Windows hukitumia kuamua faili lifunguliwe na programu gani, lakini mtu yeyote anaweza kukibadilisha, na kukibadilisha hakugusi hata baiti moja, yaani kipande kidogo cha data kinachotosha herufi moja ya kawaida, ya yaliyomo ndani. Ushahidi wenye uzito zaidi uko mwanzoni mwa faili lenyewe, kwa kuwa wabunifu wa miundo mingi waliweka baiti maalumu za utambulisho ili programu ithibitishe inachokisoma kabla ya kuendelea. Wanaotumia Linux au Mac wanayo amri iitwayo file, iliyoanzia kwenye Unix ya mwaka 1973, ambayo huzisoma baiti hizo na kutaja aina ya faili bila kujali limeitwaje. Kwenye Windows mimi hutumia HxD, programu ndogo ya bure inayoonyesha baiti upande mmoja, kila moja ikiandikwa kwa alama mbili kama D0 au 11, na herufi zake upande wa pili, na hata Notepad hutosha kwa faili dogo, mradi mtu afanye kazi kwenye nakala na asihifadhi mabadiliko yoyote.

Ukilifungua faili kwa Notepad utaona vurugu ya alama zisizosomeka. Usivunjike moyo, soma herufi chache za mwanzo tu. Likianza na %PDF ni hati ya PDF. Rar! ni kifurushi cha RAR, yaani mafaili yaliyobanwa na kufungashwa pamoja, na GIF89a ni picha. Herufi PK, zinazotokana na jina la Phil Katz aliyeunda muundo wa ZIP mwaka 1989, zinaonyesha kifurushi cha ZIP au kitu kilichojengwa juu yake. Herufi MZ, zinazotokana na jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft, zinaonyesha programu inayoweza kuendeshwa. Hapa nasisitiza: kitu kilichotumwa kwa jina la ankara au orodha ya bei, kisha kikaanza na MZ, si ankara wala orodha ya bei, na hakipaswi kubofywa hata kwa kujaribu. Kwa kuwa Windows huficha viendelezi isipoamriwa vinginevyo, faili liitwalo ankara.pdf.exe huonekana kama ankara.pdf, na ndiyo maana kuwasha mpangilio wa kuonyesha viendelezi ni jambo la kwanza ninalolifanya kwenye kompyuta yoyote ya ofisi ninayokabidhiwa.

Herufi PK zinahitaji hatua moja zaidi, kwa sababu hati za Word, Excel na PowerPoint zilizoanza na Office 2007, hati za LibreOffice, vitabu vya EPUB na hata programu za Android zote ni vifurushi vya ZIP. Badilisha jina la nakala liishie na .zip, kisha uifungue. Ukikuta folda iitwayo word, hiyo ni hati ya Word, xl ni Excel, ukikuta AndroidManifest.xml, ulichotumiwa ni programu ya simu. Njia hiyo hiyo imeokoa picha nyingi, kwani hati ya Word inayokataa kufunguka mara nyingi bado huwa na picha zake zote ndani ya word/media, na zinaweza kunakiliwa moja moja.

Kuna hali moja inayowachanganya watu kuliko nyingine zote, nami nataka kuieleza kwa utulivu. Mhasibu mmoja aliniletea faili la .xlsx ambalo programu ya simu yake ilisema limeharibika. Lilikuwa na ukubwa unaoaminika na lilitoka kwa mtu anayemfahamu, lakini baiti zake za kwanza hazikuwa PK bali D0 CF 11 E0, ambayo ni alama ya muundo wa zamani uliotumiwa na .doc na .xls. Maelezo mepesi yangekuwa kwamba mtu alibadilisha jina la faili la zamani. Hata hivyo, niliposhuka chini kidogo kwenye upande wa herufi, niliona neno EncryptedPackage, kila herufi ikiwa imetenganishwa na inayofuata kwa baiti tupu. Hati mpya ya Office ikiwekewa nywila, kifurushi chake cha ZIP husimbwa chote, yaani hufanywa kisisomeke bila nywila, na kufungiwa ndani ya muundo ule wa zamani, kwa hiyo programu isiyotambua usimbaji huo huliona faili zima kama lililoharibika. Hakikuwapo cha kutengeneza. Kilichohitajika ni nywila kutoka kwa mtumaji, na Excel ya kwenye kompyuta.

Pale alama ya mwanzo inapokuwa sahihi na faili bado halifunguki, tazama mwisho wake. Orodha ya vilivyomo katika ZIP huandikwa mwishoni, ndiyo maana upakuaji uliokatika hata kwa sehemu ndogo huizuia Word kuifungua hati nzima. PDF iliyokamilika huwa na %%EOF karibu na mwisho wake, na picha ya JPEG kwa kawaida hufungwa na FF D9. Usipoziona, omba faili litumwe upya kabla ya kupoteza saa nzima na programu za kutengeneza mafaili. Baiti zote zikiwa sifuri, jambo linalotokea flashi inapochomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika, faili hilo lina ukubwa lakini halina data, na ni haki ya mwenye nalo kuambiwa hivyo waziwazi. Aidha, faili la .pdf likianza na maneno <!DOCTYPE html, ulichohifadhi ni ukurasa wa tovuti, mara nyingi ule wa kuingia kwenye Wi-Fi ya hoteli au ule unaosema kiungo kimekwisha muda.

Kwa upande wa barua pepe, faili linalosumbua ofisi nyingi ni winmail.dat. Baiti zake za mwanzo ni 78 9F 3E 22, na hiyo ni alama ya TNEF, muundo ambao Outlook huutumia kufungasha ujumbe pamoja na viambatisho vyake pale mtumaji anapoandika kwa mtindo wa maandishi uitwao Rich Text. Mkataba au fomu unayoisubiri imo humo ndani, na kwenye Linux programu iitwayo tnef huitoa. Dawa ya kudumu iko kwa mtumaji: abadilishe Outlook yake itume ujumbe kwa HTML au maandishi ya kawaida, kisha aangalie kama anwani yako katika orodha yake ya mawasiliano imewekewa Rich Text peke yake, maana mpangilio huo hushinda ule wa jumla.

Picha za HEIC, ambazo iPhone zilianza kuzitoa kupitia iOS 11 mwaka 2017, zina neno ftyp kuanzia baiti ya tano. Kuzibandika jina la .jpg hakuzigeuzi, zigeuze kwa programu iliyomo kwenye kompyuta yako. Nasema iliyomo kwenye kompyuta yako kwa makusudi, kwa kuwa tovuti za kugeuza mafaili hupokea nakala kamili ya unachokipandisha, na nimeona watu wakipandisha vitambulisho, vyeti vya hospitali na mishahara ya wafanyakazi bila kufikiri nakala hiyo inabaki kwa nani.

Yapo mafaili ambayo alama yake haitajulikana kwa njia yoyote kati ya hizi, hasa yanayotoka kwenye mashine za mahudhurio, vifaa vya upimaji ardhi na mifumo ya uhasibu iliyotengenezwa kwa ajili ya taasisi moja. Kwa hayo, mwandikie aliyekutumia umuulize mambo matatu: faili lilihifadhiwa kwa programu gani na toleo lipi, lina baiti ngapi hasa upande wake, na kama programu hiyo inaweza kulitoa upya kwa CSV, yaani jedwali la maandishi ya kawaida, au PDF.