Surua mitaani Kampala: maswali ambayo wazazi hutuuliza

Surua ni nini?
Ni ugonjwa wa virusi unaoenea kwa hewa. Huanza kwa homa, kikohozi, mafua na macho mekundu. Baada ya siku chache upele hutokea nyuma ya masikio na usoni, kisha hushuka mwilini.

Je, si lazima upele utoke wote ndipo nimlete mtoto?
Hapana. Mlete leo kituo cha afya. Akina mama wengi hutuambia kwamba sindano "hurudisha surua ndani", na kwa imani hiyo mtoto hufungiwa chumbani siku nne au tano, amefunikwa blanketi, ilhali mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi. Dawa ya kituoni haijapata kurudisha upele ndani. Kinachoingia kifuani katika siku hizo za kungoja ni nimonia, nayo ndiyo huua.

Hata kama bibi yake ameshauri tungoje?
Hata kama bibi ameshauri. Tunamheshimu, na afuatane nanyi kituoni. Mtoto anayehema haraka, anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu au anayelegea asingojewe hata usiku mmoja.

Je, majani ya kutia machoni?
Usitie chochote. Tumeletewa watoto ambao kope zimegandana kwa majani yaliyopondwa, na tunapozilainisha kwa pamba na maji safi, hatujui kama jicho lililo chini yake bado linaona. Kituoni mtoto hupewa vitamini A siku mbili mfululizo, ambayo hulinda macho na kupunguza vifo.

Mbona mnapita nyumba kwa nyumba?
Kwa sababu mgonjwa huambukiza tangu siku nne kabla ya upele hadi siku nne baada yake, na katika mizigo, yaani nyumba za kupanga, ya mitaa ya Katwe au Bwaise, zenye vyumba vinavyopakana ukuta kwa ukuta, siku hizo zinatosha kueneza ugonjwa korido nzima. Damu ya mgonjwa hupelekwa maabara ya Entebbe kupimwa, nasi tunatafuta wagonjwa wengine. Anayemficha mtoto chini ya kitanda mhudumu wa afya anapobisha hodi anawaponza watoto wa jirani.

Alichanjwa akiwa na miezi 9; haitoshi?
Haitoshi. Tangu 2022 Uganda hutoa dozi ya pili katika miezi 18, bila malipo, lakini katika kadi nyingi nafasi hiyo ni tupu. Hata kama amepita umri huo, njoo naye na kadi yake.