"I" na "me": mtoe mwenzako kwanza, usikilize

Katika barua za kuomba kazi ambazo vijana huniletea nizipitie hapa chuoni Mbeya, sentensi moja hairuki msimu: "Please contact my uncle or I." Anayeiandika huwa kijana makini. Hakuteleza kwa uzembe. Ameaminishwa kwamba "me" ni neno la mtaani.

Imani hiyo tumeipanda sisi walimu. Mtoto akisema "Me and Neema went to the market", tunamkatiza: sema "Neema and I"! Sababu hatumpi. Anaondoka akidhani "and I" ndiyo adabu popote pale.

Sababu yenyewe ni fupi. "I" ni mtenda. "Me" ni mtendwa, au anayefuata vihusishi kama "to", "for", "with" na "between". Kwa hiyo "Neema and I pick tea in Tukuyu", lakini "The lorry took Neema and me to Tukuyu." Ukipata shaka, mtoe Neema kwenye sentensi. "The lorry took I"? Sikio linakataa lenyewe. Mtoe na mjomba kwenye ile barua, utaona kwamba inatakiwa "my uncle or me".

Nimewasikia wengi wakisema Kiswahili hakina jambo hili. Kinalo, ila limejificha ndani ya kitenzi. "Amempigia": a- ni mpigaji, -m- ni mpigiwa, na kwa Kiingereza ni "he" na "him", au "she" na "her". Hapo lugha zote mbili zinabadilika. Sasa tazama "nimekuita" na "umeniita". Kwetu u- imegeuka -ku-, lakini ni- imebaki ileile. Kiingereza kinafanya kinyume: "you" haibadiliki, "I" inakuwa "me". Vivyo hivyo "tumewaona" na "wametuona": tu na wa zimebadilishana nafasi bila kubadili sura, ilhali Kiingereza kinadai "we" na "us", "they" na "them". Mwalimu akiandika jozi hizi ubaoni, darasa linaona papo hapo ni wapi mazoea ya nyumbani hayatusaidii.

Kwenye kihusishi ni hivyohivyo. Tunasema "kati ya wewe na mimi", na "mimi" haigeuki hata kidogo, ndiyo maana "between you and I" inatutoka kirahisi. Iliyo sanifu ni "between you and me". Hata waliozaliwa na Kiingereza huikosea, kwa hiyo asiaibishwe mtu kwa hili.

Kumwita mama "he" ni kosa la aina nyingine kabisa. Kinyakyusa, Kisafwa na Kihehe, kama Kiswahili, havitenganishi mwanamume na mwanamke katika neno la "yeye". Naomba walimu wasiyasahihishe makosa haya mawili kwa pumzi moja. Kila moja lina chanzo chake na linahitaji zoezi lake.

"Whom" ni ndugu wa "him": jibu likiwa "him", swali rasmi ni "whom". Katika mazungumzo "who" inatosha.

Na ukipiga hodi, ukaulizwa "Who is it?", jibu "It's me". "It is I" ipo katika sarufi ya zamani, lakini leo mlangoni inasikika ngeni.