Seaside ya Waterford: Hospitali ya Watoto, Si Nyumba ya Mizuka

Kila tunapopokea malalamiko ya watu kuruka uzio wa Seaside, mjini Waterford katika jimbo la Connecticut, Marekani, sababu huwa ni ile ile: walikwenda kutafuta mizuka. Tunaomba tueleweke. Majengo yale yalijengwa ili watoto wenye kifua kikuu wapone.

Kifua kikuu cha watoto mara nyingi kilishika mifupa, viungo na tezi, na maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa yalikuwa njia moja ya kukipata. Dawa haikuwapo. Matabibu walitegemea chakula, mapumziko, hewa ya bahari na jua, kwa utaratibu aliouanzisha daktari Auguste Rollier huko Leysin, Uswisi, mwaka 1903. Siku ya kwanza mtoto alifunuliwa miguu tu, dakika 5. Kesho yake jua lilipanda hadi kwenye miundi, na miguu ikaongezewa muda, hivyo hivyo mpaka mwili mzima ukazoea.

Connecticut ilianza na iliyokuwa hoteli ya ufukweni, Niantic, mwaka 1920. Mwaka 1934 watoto walihamia Waterford, kwenye jengo lililosanifiwa na Cass Gilbert, msanifu yule yule wa ghorofa refu la Woolworth, New York. Mabaraza yake yamepangwa kwa ngazi, yakitazama kusini, ili vitanda visukumwe nje na kila mtoto apate jua lake. Wengi hudhani ni mapambo. Hapana, mabaraza ndiyo yaliyokuwa dawa.

Kisha dawa za kifua kikuu zikapatikana: streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, isoniazidi ikathibitika mwaka 1952, na vitanda vikaanza kubaki vitupu. Huduma ya kifua kikuu ilikoma mwaka 1958. Wakafuata wazee, kisha watu wenye ulemavu wa akili, hadi milango ilipofungwa mwaka 1996.

Wapo wanaoogopa kuambukizwa na kuta. Kifua kikuu husambazwa kwa hewa na mgonjwa wa mapafu aliye hai. Ukuta uliokaa miaka yote hiyo hauambukizi mtu. Sakafu iliyooza ndiyo ya kuogopwa.

Kuhusu sheria: kuingia ndani ya jengo huku ukijua huna ruhusa ni kosa la uingiaji haramu la ngazi ya pili, yaani kosa dogo la daraja B, lenye kifungo kisichozidi miezi 6 au faini isiyozidi dola 1,000, au vyote viwili. Ukiamriwa na mwenye mamlaka utoke nawe ukabaki, linapanda kuwa la ngazi ya kwanza, daraja A. Na kuwamo katika Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria tangu 1995 hakumpi mtu haki ya kuingia. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Eneo lenyewe lilitangazwa kuwa hifadhi ya jimbo mwaka 2014. Anayetaka kuielewa kazi ya Gilbert hahitaji kuruka uzio: ayape mawimbi mgongo, ainue macho kwenye mabaraza.