Je, wajua kwanini tangi la samaki wa baharini likipungua maji hutakiwi kujazia maji ya chumvi?

Mwezi wa saba nilienda kwa jamaa yangu anakaa Forest hapa Mbeya. Ana tangi la lita 100, samaki wawili wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na baridi ya Mbeya mnaijua, watu tumejifunga mablanketi ila hita ya tangi inashikilia maji nyuzi 25 usiku na mchana. Nikamkuta anakoroga ndoo ya maji ya chumvi, maji ya tangi yameshuka kidole kimoja, kama lita 5 hivi, anataka kujazia. Nikamwambia kaka subiri kwanza, ushajazia hivi mara ngapi? Akasema hii ya nne.

Iko hivi, kinachopaa kwenye tangi ni maji matupu, chumvi haipai. Sufuria la maharage umetia chumvi imekolea vizuri tu, ukalisahau kwenye mkaa mchuzi ukakauka, ukionja unakunja uso na wala hakuna aliyeongeza chumvi. Hapo mpishi anaongeza maji ya kawaida, basi.

Sasa piga hesabu. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, kwahiyo tangi lake lilianza na kilo 3.5. Lita 5 zikipaa, kilo ni zilezile ila ziko kwenye lita 95. Akijazia lita 5 za maji ya chumvi anaongeza gramu 175 juu yake, tangi limejaa, kwa macho liko vilevile, ila mara ya tatu ameshafika gramu 40 kwa lita, hiyo ni chumvi ya Bahari ya Shamu. Na siku namkuta lita 5 nyingine zilikuwa zimepaa, yaani samaki walikuwa kwenye gramu 42.

Kama hesabu haijakaa, angalia ramani ya huku kwetu. Ziwa Rukwa mito inaingia ila hakuna unaotoka, maji yanapaa na jua, madini yanabaki, ndo maana maji yake yana uchumvichumvi. Ziwa Nyasa lina Mto Shire unaotoka upande wa Malawi, unabeba madini mpaka Zambezi na baharini, ndo maana pale Matema maji hayana chumvi. Tangi la sebuleni ni Rukwa.

Na huku nyanda za juu maji yanapaa haraka hasa kiangazi, maji ya vuguvugu na hewa kavu ya baridi juu yake. Usikimbilie kuziba tangi kabisa, tuko kwenye mita kama 1,700 huku, hewa ni nyepesi, na maji ya chumvi yanashika oksijeni kidogo kuliko maji ya mtoni, samaki wanahitaji uso wa maji uchezecheze na pampu.

Kwa samaki hili sio jambo dogo. Maji ya mwilini mwake yana chumvi kama theluthi tu ya bahari, kwahiyo bahari inamnyonya maji muda wote, yeye anakunywa na kuitoa chumvi kwa matamvua. Ukizidisha chumvi umemwongezea kazi ambayo hapumziki hata akilala.

Tulipima kwa rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda kwenye tone la maji, ikasoma 1.032, yaani uzito wa maji hayo ukilinganisha na maji matupu ambayo ni 1, wakati inatakiwa iwe 1.026 hivi. Haidromita yake ya plastiki, kipimo cha chumvi chenye mshale unaoelea, nayo ilikuwa inadanganya maana vipovu vya hewa vilinasa kwenye mshale vikaunyanyua, ukiwa nayo igongegonge kwanza ndo usome.

Maji ya kujazia yawe yaliyochujwa mpaka madini yakatoka. Kuchemsha hakusaidii, tena ni shida ileile, maji yanapungua madini yanabaki. Maji ya chumvi yana siku yake, ile unayochota maji machafu na kuweka mapya, na hapo ni chumvi maalum ya akwariamu, sio ya jikoni, maana ya jikoni haina magnesiamu wala kalsiamu ya kutosha.

Hatukushusha chumvi kwa siku moja, samaki angeshtuka. Kwanza alijazia kidogokidogo mpaka maji yakarudi palepale, halafu kila siku anatoa lita 2 za tangi anaweka lita 2 zisizo na chumvi, akaenda hivyo siku 7 mpaka ikasoma 1.026. Siku hizi kabandika kipande cha tepu nyeusi kwenye kioo usawa wa maji, asubuhi kabla ya chai anamimina kikombe kimoja, anaangalia, anamimina kingine mpaka maji yaguse tepu.