Si kila mteremko mlangoni unafaa kwa kiti cha magurudumu
Katika makundi ya WhatsApp hapa Tanga huzunguka ujumbe usemao kwamba stesheni kongwe, ikishamwagiwa zege la mteremko mlangoni, tayari inafikika kwa watumiaji wa viti vya magurudumu. Si kweli. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni 1:12 (sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo), yaani ngazi zenye kimo cha sentimita 60 huhitaji mteremko wenye urefu usiopungua mita 7.2; ukifupishwa mno, magurudumu ya mbele huinuka na kiti kikaweza kupinduka kinyumenyume. Yeyote mwenye futi kamba anaweza kuhakiki: apime kimo, azidishe mara 12. Wengi huchanganyikiwa kwa kuona mkokoteni wa mizigo ukipanda, wakisahau kwamba unasukumwa na mpagazi mwenye nguvu, ilhali abiria ana haki ya kupanda mwenyewe. Tafadhali, tusiusambaze tena ujumbe huo.