Kubadili ekzosi ya pikapu ya dizeli: yanayofaa kujua kabla ya kukata bomba

Kwanza angalia kama injini yako ina tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, maana hapo ndipo panapoamua mengine yote. Injini kama 1KD ya lita 3.0 iliyomo kwenye Hilux nyingi huzungusha tabo kwa nguvu ya moshi. Moshi ukishapita tabo hauna kazi tena. Ukitoka bila kuzuiwa, tabo huwahi kushika kasi na joto la injini iliyobeba mzigo hupungua. Bomba la inchi 2.5 au 3 kutoka kwenye tabo hadi nyuma lina faida. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2 bila tabo, hainufaiki sana. Inchi 2.5 inaitosha, na ukizidisha utaongeza kelele.

Tatizo tunaloliona zaidi ni kona. Bomba likikunjwa kwa mashine ya kubana, kona hubonyea, na bomba la inchi 3 lililobonyea hadi inchi 2 mahali pamoja huziba moshi papo hapo. Tafuta kona zilizokunjwa zikiwa na kiini ndani (fimbo inayozuia bomba kubonyea), ambazo upana wake haupungui, kisha fundi aziunganishe kwa kuchomelea.

Chuma cha kawaida huliwa na kutu upesi, hasa pwani. Kilichopakwa alumini, unene wa milimita 1.5 hivi, ni chaguo zuri kwa bei. Chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi, ila hutanuka sana: mita 3 zikipanda joto kwa nyuzi 300 za Selsiasi hurefuka takriban milimita 15. Kwa hiyo bomba lisichomelewe kwenye chesisi kamwe. Lining'inizwe kwa mipira, na nyuma ya tabo pawe na kiungo kinachonyumbulika cha nyaya zilizosukwa, kwa sababu injini hutikisika. Kiungo hicho kikikosekana, flenji (kichwa cha kuungia bomba) au manifoldi (bomba la moshi lililoshikana na injini) hupasuka.

Nati za zamani zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, la sivyo bolti zitakatikia ndani. Kabla ya kuchomelea, ondoa waya hasi wa betri na ubane ethi (waya wa kurudisha umeme) ya mashine karibu na unapochomelea. Umeme ukizunguka kwingine huunguza kompyuta ya injini na altaneta. Shikiza vipande kwa matone machache ya kuchomelea kwanza, pakia mzigo, uone ekseli inapanda hadi wapi. Acha angalau milimita 25 kati ya bomba na mipira ya breki, ya mafuta na propela, na paliposongamana weka kinga ya joto. Ndipo umalizie kuchomelea, ufunge gasketi mpya, na baada ya kilomita 200 ukaze nati tena.

Pikapu yenye chujio la masizi ibadilishwe bomba la nyuma ya chujio tu. Kung'oa chujio huvuruga kompyuta na kumwaga masizi barabarani; wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuorodhesha moshi wa dizeli kuwa kisababishi cha saratani mwaka 2012. Mdomo wa bomba nao upite ukingo wa bodi, usiishie chini ya kabini wala chini ya abiria wanaokaa nyuma.

Kama kinachokusumbua ni moshi mweusi, kagua chujio la hewa, mpira wa hewa ya tabo uliopasuka na nozeli zinazonyunyizia dizeli kabla ya kununua bomba lolote. Ekzosi mpya itautoa moshi uleule.